Jini la mfongoni na meno ya perere

Picha iliingia kwenye grupu la ukoo saa mbili usiku, ikiwa tayari imepita mikono mingi. Kiumbe cha ukubwa wa paka mnene, hakina unyoya hata mmoja, ngozi ya kijivu imevimba, mdomo wazi, na mbele ya mdomo meno mawili yamechongoka kama misumari ya bati. Kililala kando ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, huko Kibosho mkoani Kilimanjaro, maji yakipita chini ya mguu wake. Aliyeituma aliandika maneno matatu tu: "Mungu atusaidie jamani." Kufika saa tatu tulikuwa na jini, mtoto wa jini, mtu aliyegeuzwa, na shangazi mmoja aliyeapa kwamba bibi yake alikiona kitu hicho hicho mwaka wa njaa.

Kesho yake nilipanda bodaboda nikaenda kuangalia. Nimetembeza wageni mlimani na mbugani kwa miaka mingi, na mizoga ni sehemu ya kazi, maana hakuna mgeni anayepita fuvu akanyamaza. Nilikuta watu kama kumi wamesimama mbali, na mzee mwenye shamba amekaa kwenye jiwe.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Umekuja kumwona mgeni wetu?"

Nikavunja kijiti, nikainua mdomo wa juu wa yule mgeni, nikatazama magego, kisha nikahesabu vidole. Vinne mbele, vitatu nyuma. Alikuwa perere, yule pimbi wa mitini.

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Perere analia kwenye miti ya korongo lile tangu yeye hajaoa. Ile sauti inayoanza kama mlango wenye kutu na kupanda hadi kuwa ukelele wa mtu anayenyongwa. Watoto wa pale wanamjua kwa sauti kama wanavyoijua kengele ya shule. Sura yake ya mchana, tena akiwa hana manyoya, ndiyo iliyokuwa ngeni kwao.

Fundo lenyewe liko hapo. Mzoga wa ajabu karibu kila mara ni mnyama wa kawaida aliyepunguziwa vitu. Kuoza hakumwongezei mtu pembe wala meno. Kunaondoa, na kunaondoa kwa mpangilio unaojulikana. Kwa hiyo kabla hujauliza hiki ni nini, uliza kwanza hapa kimeondoka nini.

Cha kwanza kuondoka ni umbo. Saa chache baada ya mnyama kufa, vijidudu vilivyokuwa tumboni vikimsaidia kusaga chakula huanza kumsaga yeye mwenyewe, na gesi hujaa. Tumbo linavimba, miguu inakakamaa ikielekea juu, ulimi unatoka nje, na mnyama mwembamba anaonekana nguruwe. Kwenye joto la tambarare, kuanzia Moshi mjini kwenda chini, hili halichukui hata siku mbili. Ukipanda kuelekea msituni, baridi inalichelewesha.

Kisha yanaondoka manyoya. Ngozi ya juu ikianza kuoza huachia mashina ya nywele, na kama mzoga uko majini, nywele hutoka mafungu mafungu kama kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto. Perere wetu alilowa mfongoni siku kadhaa, maji yakamnyonyoa. Mnyama mwenye koti zito la kahawia, koti ambalo zamani wawindaji walimfuatia hadi ndani ya msitu wa mlima, akabaki uchi kama kichanga. Ndiyo maana majini mengi ya kwenye simu huokotwa kando ya mito, mabwawa na fukwe.

Halafu zinaondoka pua na midomo. Pua ya mnyama ni nyama na gegedu, haina mfupa kwa mbele. Ikioza au ikiliwa, taya ya juu inabaki imechomoza kama mdomo wa ndege, na fizi zikikauka meno yanaonekana marefu kuliko yalivyokuwa. Mwaka 2008 bahari ilitupa mzoga wa namna hiyo pwani ya Montauk, jimbo la New York nchini Marekani, na picha yake ikazunguka dunia kama dude lenye mdomo wa ndege. Waliotazama meno na vidole walisema ni rakuni, mnyama wa huko anayefukua mapipa ya taka usiku. Pua na manyoya vilikuwa vimekwenda zake.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1977. Meli ya uvuvi ya Kijapani, Zuiyo Maru, iliopoa mzoga mkubwa karibu na New Zealand, wenye kichwa kidogo na shingo ndefu, mithili ya mijusi mikubwa ya baharini iliyotoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Wavuvi walipiga picha, wakakata vipande, wakautupa baharini usije ukawaharibia samaki. Vipande vile vilipopimwa vilifanana na vya papa. Yuko papa mkubwa anayekula kwa kuchuja maji, na akioza, taya na matamvua yake ndivyo vinavyodondoka mapema. Kinachobaki ni fuvu dogo mwishoni mwa uti mrefu wa mgongo. Ile shingo haikuwahi kuwa shingo.

Turudi nyumbani, kwenye jambo linalozua ugomvi kuliko majini. Ng'ombe au mbuzi anakutwa amekufa malishoni, ulimi hakuna, macho hakuna, kiwele na sehemu za siri zimeondolewa kwa duara safi kana kwamba ni kwa wembe, na damu haionekani. Mara moja jirani mmoja anaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Sasa mtazame tai akila. Ngozi ya ng'ombe ni ngumu, kwa hiyo anaanzia penye ulaini: macho, ulimi, kiwele, njia ya haja. Mbweha na nguchiro hufanya vivyo hivyo, na funza wa nzi hufuata mzingo ule ule. Ngozi iliyokauka inajivuta, mpaka wa jeraha unanyooka. Damu nayo, moyo ukishasimama, hutelemka upande uliolala chini, kwa hiyo upande wa juu haivuji. Wafugaji wa Marekani walipatwa na hofu hiyo hiyo miaka ya 1970, wao wakashuku dini za siri na viumbe kutoka angani. Serikali ilimpa kazi ya uchunguzi ofisa mstaafu wa FBI, Kenneth Rommel, naye mwaka 1980 akaandika kwamba aliona kazi ya walaji mizoga na kuoza kwa kawaida. Sisemi hakuna mtu mbaya duniani. Nasema tai amtangulie jirani kwenye orodha ya washukiwa.

Baada ya nyama na ngozi kuondoka, yanabaki meno, na hapo kazi inakuwa rahisi. Sura hudanganya, magego hayajui kudanganya. Shika taya ya juu kwa kijiti utazame mbele. Kama hakuna meno ya mbele juu, ila chini yapo, huyo ni mcheuaji: ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala, nyati, hata twiga. Juu ana ufizi mgumu tu wa kubania majani. Kama meno ya mbele yapo juu na chini, mapana, yamepangana kama ya mtu anayetabasamu kupiga picha ya pasipoti, huyo ni punda au pundamilia. Wala nyama wana chonge mbele na magego makali yanayopishana kama mkasi. Fisi ana hayo, na zaidi ya hayo ana meno manene ya kupasulia mfupa, ndiyo maana kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Mifupa hiyo.

Kuhesabu meno kunasaidia, ila usikutegemee peke yake. Mbwa mzima ana 42, paka 30. Binadamu ana 32, nyani ana 32, na ng'ombe naye ana 32. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tumehesabu, ni thelathini na mawili, ni mtu," mwulize kwanza kama aliona ufizi wa juu.

Perere ndiye mtego mzuri kuliko wote kwa sababu mbele amevaa uongo. Yale meno mawili ya juu yanayofanana na chonge za mnyonya damu ni meno ya mbele ya kawaida, yaliyochongoka na yasiyoacha kukua. Lakini nenda nyuma kwenye magego: yana matuta na mabonde ya kusagia majani, yakifanana na ya kifaru katika umbo dogo. Anakula majani maisha yake yote. Miguuni hana makucha ya paka, ana kucha butu kama vikwato, isipokuwa kidole kimoja cha nyuma chenye ukucha mrefu. Na ukimfuatilia ukoo, jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Pembe za ndovu nazo ni meno ya mbele yasiyoacha kukua. Jini la Kibosho lilikuwa na jamaa Amboseli, mbuga ya tembo huko Kenya.

Mikono ndiyo inayotisha zaidi, na ndiyo inayofikishwa polisi. Msimu mmoja wagumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, waliniita kando ya njia ya Machame, bado ndani ya msitu. Waliona mkono mdogo uliokauka, vidole vyembamba virefu, kucha kama za mtu. Mmoja alikwishaanza kusali. Nikamwambia hesabu. Akahesabu vinne, akarudia, vinne. Kidole gumba hakikuwepo, wala hapakuwa na jeraha lake. Huo ulikuwa mkono wa mbega. Mbega hana gumba, ana kinundu tu, na jina lake la kisayansi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa. Hapa kuna kilichokosekana bila kuoza kuhusika. Mnyama alizaliwa hivyo.

Nyani ni mgumu zaidi kwa kuwa gumba analo. Ukikuta fuvu, tazama taya: la nyani limechomoza mbele kama la mbwa, na dume ana chonge ndefu kama kisu. Tazama pia tundu ambalo uti wa mgongo unaingilia kichwani. Kwa binadamu liko chini kabisa, kwa sababu kichwa chetu kinakaa juu ya shingo kama ndoo. Kwa nyani limesogea nyuma. Na kama bado una wasiwasi kwamba ni mtu, acha kila kitu kilipo, piga simu polisi. Utachekwa siku moja ikiwa ni nyani. Kama ni mtu na umeshahamisha mifupa, umeharibu ushahidi.

Nimesema kuoza hakuongezi kitu. Kuna kitu kimoja kinachonisuta. Nendeni uwanda wa Longido au Ngorongoro mkaangalie pembe za nyumbu au nyati aliyekufa zamani: nyingine zimeota vidole. Vijibomba vya kahawia, virefu kama kidole cha mtoto, vimechomoza vingi kwenye pembe, kana kwamba pembe imepanda mizizi hewani. Wageni hukataa kabisa wakiambiwa ni nondo. Yuko nondo mdogo ambaye mabuu yake hula pembe na kwato za wanyama waliokufa, kitu kile kile kinachotengeneza kucha na nywele zetu, ambacho viumbe wachache sana wanaweza kukimeng'enya. Buu hutoboa pembe, na kwa hariri pamoja na kinyesi chake hujijengea bomba la kuishi. Hata hapo pembe yenyewe imepungua. Kilichoongezeka ni nyumba ya mlaji.

Alama juu ya mifupa nazo zina wenyewe. Mifereji mipana iliyonyooka, miwili miwili, mfupa mzima, mara nyingi huitwa ya panga. Kisu huacha mkwaruzo mwembamba wenye umbo la V. Mifereji ile ni ya nungunungu, ambaye hubeba mifupa hadi shimoni kwake na kuitafuna apate madini na kunoa meno. Twiga naye, pamoja na heshima yake yote, huokota mifupa akaimung'unya. Na ukikuta chini ya mti kitonge cha manyoya chenye vifuvu na mifupa midogo ndani yake, usiite mganga. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kumeng'enya. Najua jina la bundi halipunguzi hofu ya mtu yeyote uswahilini, lakini kitonge chake ni kumbukumbu ya chakula cha jana.

Vitu vikubwa hupotosha kwa ukubwa wao. Shingo ya twiga ina pingili saba, sawasawa na yako, ila moja yake huweza kupita sentimita 25. Ukiikuta peke yake Arusha Chini, kusini mwa Moshi, utadhani umepata mjusi wa Tendaguru, yale madinosaria ya kale, na Tendaguru iko Lindi. Fuvu la tembo, kwa upande wa West Kilimanjaro, lina tundu kubwa katikati ya uso. Hilo ni la mkonga. Macho yako pembeni, hayaonekani vizuri, na mfupa ndani umejaa vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Mwaka 1914 Mwaustria Othenio Abel alitoa wazo kwamba mafuvu ya tembo wadogo wa kale katika visiwa vya Mediterania ndiyo yaliyozaa hadithi za Wagiriki za jitu lenye jicho moja. Hakuna anayeweza kulithibitisha, lakini simama mbele ya fuvu lenyewe, uone kama zimwi halikujii kichwani.

Ziko sehemu ambazo karibu hakuna kinachoondoka. Ziwa Natron, kaskazini mwa Mkoa wa Arusha, lina magadi makali yanayotokana na majivu na miamba ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, na maji yake ya kina kifupi hupata joto kali. Ndege na popo wanaofia humo hukaushwa na kuvikwa chumvi hadi wanaonekana sanamu. Wamisri wa kale walikaushia maiti kwa magadi ya aina hiyo hiyo. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa picha za mizoga hiyo, na vyombo vya habari vikaandika kwamba ziwa linageuza wanyama kuwa mawe papo hapo. Brandt mwenyewe alieleza kwamba aliokota mizoga ufukoni akaipanga juu ya matawi kama vile iko hai. Wakati huo huo ziwa hilo ndipo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanapozalia. Wanasimama ndani yake na hawageuki kitu.

Barafu hufanya kazi kama magadi. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta chui aliyekauka kwa baridi karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mahali pasipo na windo lolote la maana. Kuwa alikuwa chui hakuna aliyebisha. Kilichobishaniwa ni alifuata nini. Mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger aliona mbwa mwitu watano huko huko juu, wazima. Kwa hiyo mahali pa mzoga husaidia kukisia, ila hapatoshi kumkataa mnyama. Wanyama hawasomi ramani zetu za makazi yao.

Hata wataalamu huangukia mtego. Laetoli, wilayani Ngorongoro, timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey ilikuta mwaka 1976 nyayo tano mfululizo katika majivu ya volkano ya miaka milioni 3.6 hivi. Miaka miwili baadaye zikapatikana zile nyayo maarufu za jamaa wa kale wa binadamu, na zile tano za kwanza zikawekwa kando. Ilidhaniwa huenda ni za dubu mchanga aliyetembea kwa miguu miwili. Tatizo ni kwamba mifupa ya dubu haikuwahi kupatikana pale. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, zikapimwa, na 2021 watafiti wakatangaza kwamba aliyezikanyaga alikuwa naye jamaa wa binadamu, tena huenda wa aina tofauti na yule wa nyayo maarufu. Dubu aliishi kwenye maandishi zaidi ya miaka 30.

Sasa lile la kijiti. Sikumgusa perere kwa mkono, na sababu yake ina jina: kimeta. Ukanda wetu wa Arusha, Manyara na Kilimanjaro unakijua. Mwishoni mwa 2016 kiliua wanyamapori wengi wilayani Monduli. Mzoga wa kimeta huvimba haraka, haukakamai vizuri, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani na kwenye njia ya haja. Ukiupasua, vimelea vikikutana na hewa hujifunga kwenye ganda gumu, na katika hali hiyo hukaa ardhini miaka na miaka vikingoja ng'ombe mwingine. Usimpasue, usimchune, usiwape mbwa. Mwite afisa mifugo, na watoto wakae mbali. Mzoga mbichi wa mbwa au mbweha nao una hatari ya kichaa cha mbwa kwenye mate.

Sababu ya pili ni sheria. Pembe, jino, ngozi, hata magamba ya kakakuona uliyoyakuta njiani ni nyara za Serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haiulizi kwanza kama uliua au uliokota. Nawajua vijana waliobeba kumbukumbu ya kupamba sebule wakaishia kueleza mahakamani. Beba picha. Weka kando sarafu ya shilingi 200 ili ukubwa uonekane, piga meno ya juu na ya chini kutoka mbele na ubavuni, piga miguu yote ya mbele na ya nyuma, kisha piga mandhari. Picha ya uso peke yake, ile inayopendwa na magrupu, ndiyo isiyosaidia kitu. Mpelekee mtendaji wa kijiji au ofisa wanyamapori wa wilaya. Arusha kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Moshi kuna Chuo cha Mweka, kinachofundisha wahifadhi tangu 1963. Na pale Boma ya Wajerumani Arusha mjini kuna makumbusho ya viumbe. Ikiwa imebaki nyama au mfupa tu na kuna kesi, Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba.

Perere tulimfukia juu ya mfongo, mbali na maji, kwa jembe la mzee. Nikaandika kwenye grupu: ni perere, nikaweka picha ya magego na ya vidole vitatu. Walijibu watu wawili. Kama miezi miwili baadaye shangazi yule yule alinitumia picha ya kwanza, safari hii ikiwa na maelezo mapya kwamba imepigwa Kagera, akaniuliza kama huko nako nitakwenda.